Ukurasa wa Tisini na Sita

Furaha, rafiki yangu wa ng'ambo ya bariyeri ya mpaka,

Naandika kwa penseli kwenye kingo nyeupe za kitabu chetu, kuanzia ukurasa wa themanini na tisa. Geuza karatasi polepole, maana nimeanza juu, nikashuka kulia, nikapita chini, nikapanda kushoto. Kama karanga zimeacha mafuta juu ya neno, liinue kwenye mwanga wa dirisha, utaliona. Na kama mtu mwingine amesoma kabla yako, basi. Barua isiyo na bahasha haina siri, nami sina cha kuficha isipokuwa aibu yangu, nayo ndiyo ninayokuletea.

Unakumbuka zile ngazi za nyumba iliyofungwa, karibu na ziwa? Naziona sasa hivi nikisimama juu ya kitanda. Siruhusiwi kwenda. Zamani tulikaa pale kila Ijumaa baada ya masomo, wewe ngazi ya juu, mimi ya chini yako, kila mmoja na kitabu alichomaliza. Wewe ulileta vya Kifaransa, mimi vya Kiswahili, kutoka kwenye sanduku ambalo baba alilibeba kutoka Karagwe tuliporudi Rwanda, wakati wenzake walikuwa wanabeba masufuria. Sheria ilikuwa moja: toa maoni yako yote, lakini usimwambie mwenzako mwisho. Anayeteleza atabeba mifuko yote miwili mpaka sokoni. Mimi sikuteleza hata mara moja. Wewe ulibeba mfuko wangu mpaka mkanda wake ukakuachia alama begani.

Darasani sikuwahi kunyoosha mkono. Kifaransa changu kilikuwa cha kuombea maji tu, na Kiswahili changu kiliwachekesha wenzetu, eti nasoma taarifa ya habari, wakaniita "redio". Lakini pale kwenye ngazi niliweza kusema nusu saa bila ulimi kukwama. Nilikusimulia hadithi ya yule mpelelezi, na kabla sijafika mbali ukanikatiza: "Muuaji ni daktari." Nikakuuliza umejuaje. "We, huyu daktari iko mwema sana tangu mwanzo. Mutu mwema namna hiyo mu kitabu, umuogope!" Nikatazama ziwani. Ukacheka mpaka wavuvi wakageuka kututazama. "Yewe, ona sura yako! Ni yeye! Bon, umeteleza kwa macho, beba mifuko." Tulibishana kama macho yanahesabika. Mifuko uliibeba wewe.

Na vile vitabu vyako vya mapenzi, vyenye wanawake waliozimia kwenye kila sura! Ulipenda sana, ukanitafsiria mabusu yote na kuruka maelezo ya bustani. Mimi nilisema mtu hawezi kuzimia mara tisa akabaki na afya. Ukasema mimi nina roho ya mhasibu. Nililala na furaha usiku ule, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kujali nina roho ya namna gani.

Kisha kikaja hiki, kitabu kisicho na jalada, ambacho jina lake hata baba hakulikumbuka. Hiki hatukusimuliana. Tulikisoma pamoja kwa sauti, ukurasa wako, ukurasa wangu. Mwanaidi katika nyumba ya kilimani, mama yake kitandani hawezi kugeuka, majirani wanaondoka mmoja mmoja, na kila jioni anahesabu madirisha yenye taa huko chini. Ijumaa ile tulifika mahali ambapo lori la mwisho linasimama mlangoni na dereva anapiga honi. Na wewe na mama yako mlikuwa mnavuka Jumamosi kwenda Goma kumwona bibi yako, siku mbili tu.

Ulitaka kwenda nacho. Nikakuambia nilimwahidi baba kwamba kitabu chake hakitavuka mpaka. Ukafikiri kidogo, ukatoa wembe wa kuchongea penseli.

"Donc, tunakata."

"Tunakata nini?"

"Kitabu. Nusu inabaki kwako, nusu inaenda na mi. Baba akiuliza, kitabu haijavuka. Iko nyumbani, imelala."

"Nusu yake."

"Sha, na nusu ya kitabu ni kitabu? Hakuna mutu anaweza kuiba nusu. Hakuna mutu anaweza kuisahau. Itarudi tu. Ni kama rehani."

Mimi niliyekuwa nafunika vitabu vyangu kwa karatasi za gazeti ili visichafuke, nilikishika kwa mikono miwili huku wewe ukipitisha wembe kwenye uti wake. Ulikata baada ya ukurasa wa tisini na sita, palipokuwa tayari pamelegea. Sikuangalia sentensi imeishia wapi. Niliangalia nilipofika nyumbani: *Mwanaidi akalitazama lori, akautazama mlango wa chumba cha mama, kisha akachukua*. Basi. Ulichukua wewe, ukaenda.

Lakini kabla hujaenda, tulitoa maoni, kama desturi. Hapo ndipo ninapotaka kufika, na tazama, nimeshamaliza kurasa mbili nikikwepa.

Wewe ulisema, "Mi nasema atabaki. Mama yake atamuachia nani?" Na mimi, ambaye siku zote nilipima neno mara tatu kabla ya kulitoa, nilisema, "Akibaki ni mwoga. Mtu mwenye akili anapanda lori. Anayebaki anaogopa tu kuanza upya, halafu anasingizia mama."

Ulifunga vifungo vya mfuko wako, kile cha kulia kisichofunga ukakifunga pia. Kisha ukasema, "We unasema kama mutu mwenye siku zote iko na fasi ya kwenda." Ukashuka ngazi. Hukusema tutaonana Jumatatu. Hata mkono wako sikuushika.

Jumapili mpaka ukafungwa.

Furaha, nikueleze jinsi ninavyoishi ili usidhani nilikuwa nakununia. Saa kumi na mbili jioni kila mtu ndani. Shule tunakwenda siku mbili, tunarudishwa siku tatu. Baba yuko Kigali kazini na hawezi kuja, maana barabara ya Ruhengeri haipitwi bila msafara wa askari, na mama amemkataza asijaribu. Mbele yetu ziwa, ambalo halina njia ya kwenda kokote. Nyuma yetu milima, ambayo jioni tunaisikia ikinguruma, na mama anasema ni radi hata kama hakuna wingu. Na upande wako wapo majogoo. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Alfajiri nawasikia majogoo wa Goma wakiwika, na mmoja mwenye sauti iliyopasuka nina hakika ni yule wa bibi yako, yule aliyekula shanga zako. Jogoo anafika kwangu bila karatasi, na mimi sifiki kwako.

Nimemaliza sanduku lote la baba. Nimesoma hata maandishi ya kopo la maziwa ya unga kwa lugha zote nne. Nusu yangu ya kitabu nimeisoma mara sita, na kila nikifika mwisho nasimama mlangoni na Mwanaidi, mkono umenyooshwa, hatujui tunachukua nini. Kamba? Mtoto wa jirani? Ufunguo? Mara ya kwanza nilimkasirikia kwa nini hajaondoka mapema. Mara ya nne nilianza kuhesabu na mimi madirisha yenye taa. Mara ya sita sikumkasirikia tena.

Mwezi uliopita Mama Zawadi, yule wa kabichi kutoka Busasamana, alipata karatasi ya kuvuka siku za Jumanne. Alipita kwetu, akasimama mlangoni na kikapu kichwani.

"Mutoto yangu, ule rafiki yako wa Goma anakusalimia. Anasema hivi: nikuambie alichukua nini? Mi sijui maana yake. Anasema we utajua."

Kama ungekuwa bado na hasira, usingeuliza. Au uliuliza kwa sababu una hasira, kunivunjia sheria yetu usoni? Mama Zawadi alisubiri. Neno moja tu, Furaha, lingekuja Jumanne ijayo juu ya kabichi na kufungua mlango huu nilipokwama. Nilimwambia, "Mwambie asiniambie." Nikataka kuongeza jambo jingine, jambo lenyewe hasa, lakini nilimwona mama amesimama nyuma yangu, nikaona haya, nikanyamaza.

Nikamwomba Mama Zawadi akubebee barua. Akakataa. "Karatasi yenye kuandikwa? Hapana. Pale wanafungua mpaka kabichi, jani kwa jani."

Jumanne iliyofuata alikuja na habari. Alisema mama yako amekwisha pata karatasi na amerudi huku kwetu Gisenyi kwenye biashara yake, na jina lako lilikuwamo. Ulikuwa na nafasi ya kuvuka naye. Ukakataa. "Anasema bibi haoni, atamuachia nani," Mama Zawadi akaniambia, akatikisa kichwa. "Mutoto ya nguvu, ule."

Nilikwenda kujifungia chooni, mahali pekee penye komeo katika nyumba yetu.

Lori lilikuja, Furaha, likapiga honi, na wewe ulijua kwamba upande huu kuna rafiki aliyekwisha kukupa jina kabla hujachagua. Mimi nimebaki hapa kwa sababu milango yote imefungwa. Wewe ulifunguliwa mlango ukabaki. Ninajua sasa yupi kati yetu ni mwoga, maana neno hili dogo nimelibeba tangu Ijumaa ile, na sikuweza kulitamka mbele ya muuza kabichi: nisamehe. Maoni yangu nayafuta. Si kwa sababu nataka turudiane tu, ingawa nataka. Nayafuta kwa sababu yalikuwa mabaya, maoni ya mtu aliyesoma kitabu kwa macho peke yake.

Jana nilimwona Mama Zawadi akimfungia jirani karanga kwenye karatasi ya daftari la mtoto, hesabu za kutoa na kujumlisha zote zinaonekana. Nikachukua wembe. Mama alinikuta nakata.

"Kitabu cha baba yako unakifanya karatasi ya karanga?"

Nikamweleza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumweleza mtu mambo yetu, na sauti ilinitoka nyembamba kama uzi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Haya. Ila karanga zako huwa unaziunguza," akachukua kikaango mwenyewe.

Mama Zawadi ameona kurasa, amezigeuza huku na huku. "Hii ni kitabu ya zamani yenye watoto wamechafua," akasema. "Hii si barua." Akanikonyeza.

Kwa hiyo zinakuja kwako karatasi nne, zimefungia karanga. Kitabu changu sasa kinaishia ukurasa wa themanini na nane, mahali ambapo honi bado haijalia na Mwanaidi anamgeuza mama yake taratibu, ubavu kwa ubavu. Cha kwako kimeongezeka. Chini ya mstari huu utaona maneno yaliyochapwa, *kisha akachukua*. Yaweke kando ya ukurasa wako wa kwanza, sentensi iwe nzima kwa mtu mmoja kati yetu. Msomee bibi. Yeye hakuwahi kusikia mwanzo.

Mimi usiniambie. Nitaipata siku utakapoketi ngazi ya juu na kunisomea mwenyewe, nami nitakubebea mfuko wako mpaka sokoni.

Nafasi imeisha. Ninaandika sasa kati ya mistari.

Mwenzako wa ngazi ya chini