Mwanga Ulipokata Umeme

Alhamisi, jioni

Haikuwa joto. Profesa anayenisimamia amesisitiza miezi mingi kwamba kinachokata umeme kwenye sampuli zangu ni joto tu la leza, nitafute mada nyingine ya uzamifu. Leo, hapa Bondo, vipimo vimefika kutoka maabara ya ng'ambo inayotupimia sampuli. Kila sampuli ni tabaka mbili za oksidi. Hakuna inayopitisha umeme peke yake, lakini pale zinapogusana unapita. Mwanga ulipopiga, umeme ulikatika kabla joto halijapata nafasi ya kuenea.

Nilimpigia Mama, anayeuza samaki Luanda Kotieno, kando ya ziwa, nikamweleza.

"Na mwanga ukiisha?" akauliza.

"Umeme unarudi, Mama. Haraka kuliko kupepesa jicho. Kupepesa jicho ni kama mwaka mzima hapo."

Nilisikia ziwa kwenye simu.

"Hiyo ni kitu mzuri, nyara," akasema. Mara ya mwisho kuniita hivyo, "binti yangu" kwa Kijaluo, nilikuwa nimefaulu mtihani.

Profesa ameandika neno moja: "Rudia."

Naogopa. Kipimo ni kimoja tu, kinaweza kunigeuka. Lakini tangu jua lizame nimekaa mlangoni, chai imepoa mkononi, na sijataka kuwa mahali pengine popote.