Tuliombea dereva

Pudentienne we, usinicheke!

Nimemsikia mwanangu Arnaud kwenye simu: "Dereva ya zamani imechoka. Nitaiacha, ile mpya iko na nguvu."

Imechoka! Révérien wetu, aliyemwendesha marehemu mume wangu mpaka mwisho, afukuzwe kazi?

Nikamwita Révérien, tukapiga magoti palepale kando ya gari. Kisha nikamvaa Arnaud: "Utamtupa mzee wa watu?"

"Mzee gani, Mama?" Akatoa fimbo mbili za gofu. "Dereva ndiyo hii, ya kupigia mbali."

Fimbo, Pudentienne! Fimbo!

Sasa Arnaud amerudi kutoka uwanjani. Amejaribu zote mbili, amebaki na ya zamani.

Révérien anasema hata Mungu alidhani tunaombea fimbo. Nimemkemea, kisha nikacheka mpaka machozi.