Gunia la Baba

Jumatatu, 4 Agosti
Nimepanga stoo upya. Mgongo umekufa. Mahindi ya mwaka jana mlangoni, mapya nyuma, na gunia lolote lisiguse ukuta. Ndiyo sheria ya mama mkwe, na hana mchezo nayo. Alipita nyuma yangu akizamisha mkono kila gunia hadi kiwiko, akinusa, akitafuna punje. Mapya kiasi akayatia kwenye chupa kavu pamoja na chumvi, akatikisa. Chumvi ikaganda kwenye kioo. Bado yana maji. Yarudi juani! Nilinuna, kisha nikamwonea fahari. Wenzetu hapa Masieda kila mwaka wanalia na ukungu. Sisi hatujatupa hata debe.

Gunia la Baba hatukuligusa, kama kawaida.

Jumatano, 6 Agosti
Baba mkwe aliyavuna mahindi hayo mwaka juzi, akalishona gunia kwa shazia yake, akafariki kabla hatujayala. Mama hataki lifunguliwe wala lisogezwe. Wageni huonyeshwa. Huku kwetu, nyumba yenye mahindi ya zamani wakati mapya yanaingia ni nyumba ya watu wa maana. Hata mimi hujidai nalo.

Leo Mama katangaza: Jumapili, kipaimara cha Neema wangu, makande yatapikwa kwa gunia la Baba. Mume wangu alilengwa na machozi. Mimi nilikumbuka bati. Masika lilivuja kona ile ile ya gunia.

Ijumaa, 8 Agosti
Usingizi hakuna. Ukoo mzima utakula, na watoto wao. Katika sherehe ya mwanangu! Nimemwambia Baba Neema. Kasema nisimtoneshe mama yake kidonda. Mwoga. Na mimi mwoga, maana sijathubutu kumwambia Mama mwenyewe.

Jioni nimeosha chupa, nimeikausha, nimeiweka mbele ya Mama pamoja na chumvi. Aliitazama, akainuka, akaenda kukamua. Nahofu nimemkosea adabu.

Jumamosi, 9 Agosti
Mama alituita wote stoo, na mawifi zangu waliofika kutoka Bashay. Chupa hakuja nayo. Akakata uzi mwenyewe. Juu mahindi safi kabisa. Mawifi wakapiga vigelegele, mimi nikaona aibu. Yeye akazidi kuzamisha mkono, hadi begani. Ukatoka na bonge la kijani, linanuka.

Wifi mkubwa akasema, "Mama, tuchambue, tuoshe, tuchemshe sana. Ni jasho la Baba hili."

"Sumu ya ukungu haifi kwa moto," Mama akajibu.

"Basi wape kuku."

"Kuku wale, halafu sisi tule kuku? Baba yenu hakulima ili atuue."

Akachukua jembe. Tumeyafukia yote nyuma ya zizi, hata yale ya juu yaliyoonekana mazima. Alilia akichimba, wala hakujificha. Alisema mbele ya wanawe kwamba kosa ni lake, magunia yote kayageuza isipokuwa hili. Mtu wa umri wake! Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu leo. Nampenda, na sijui nitamwambiaje.

Kwa makande nimeloweka mahindi ya mlangoni, ya mwaka jana.

Jumanne, 12 Agosti
Wageni wameondoka. Walikula wakaongeza. Hakuna aliyelalamika tumbo. Neema bado hataki kuvua gauni jeupe.

Baba Neema kagongelea bati. Mahindi mapya yamekauka, leo chumvi imecheza kwenye chupa bila kuganda. Tumejaza magunia, mimi na Mama. La mwisho kanipa shazia ya Baba nishone. Nilivuta uzi kwa nguvu zote, aone kwamba kazi naijua.

"Usikaze hivyo, mwanangu," alisema. "Hili tutalifungua."

Nikalegeza.