Kitabu cha Kumi

Binti yangu,

Vile vitabu kumi tulivyoahidiana mwaka huu nimevimaliza, wewe je? Usilete visingizio. Cha saba kilinichekesha mpaka nikashona suruali ya mwalimu mguu mmoja mfupi.

Baada ya cha tisa macho yaligoma, hata tundu la sindano silioni. Nikajua umenishinda. Mama yako akakitwaa cha kumi akanisomea chote, kidole kwenye mstari. Ndiyo, mama yako, aliyekuwa akitia dole gumba kwenye fomu zako za shule! Kumbe akiniaga anakwenda kwaya, alikuwa anakwenda darasa la watu wazima.

Hata barua hii mimi nasema tu, mwandiko ni wake. Nimemwambia aandike kwamba najivunia mke wangu, anaona haya. Lakini ameandika.

Baba yako, fundi cherehani