Uso Unaosomwa Wima

Mjukuu wangu Neema,

Leo ni Jumapili ya mvua huku Japani, mwaka wa ishirini na nne tangu niondoke Ipagala, Dodoma. Marahaba. Mwambie babu yako kwamba mdogo wake bado anatembea bila fimbo.

Unauliza kwa nini tabasamu langu la kwenye simu husimama, (^_^), wakati lenu hulala, :-). Bibi yako Yoko, kabla hatujaoana, alipomaliza kufundisha shule ya kijijini Kibakwe akarudi kwao Japani, alikaa kimya miezi mingi. Siku moja, kwenye intaneti kafe pale mjini, nikakuta ujumbe wake: "Samahani m(_ _)m". Nililaza shingo kushoto, kisha kulia, nisione uso wowote. Nikadhani ananidhihaki, nikataka kuufuta.

Zuhura, mwenye kafe, akacheka. "Shingo itakukatika, kaka! Itazame wima. Hizo m ni mikono iliyo chini, kichwa katikati. Mwenzio kapiga magoti."

Kama mabinti wa kwetu wanavyowaamkia wakwe! Nikamjibu palepale, na mwishowe nikamfuata huku, tukaoana.

Baadaye niligundua kwamba Wajapani huitafuta furaha machoni, sisi mdomoni. Kwa nini, mpaka leo sijui.

Kaburi la Yoko liko huku, Neema. Sitarudi Dodoma.