Matanga ya Golikipa

Kisangani, 9 Februari 2025

Mama mupenzi,

Nakusalimia katika Yesu. Kifua chako inaendelea namna gani? Miye niko muzima. Barua inakuja na Grégoire, dereva wa kamyo, maana simu yenu haipatikane.

Mama, timu ya chuo kikuu inaenda mashindano, na miye njo golikipa. Lakini kuna sheria: mwenye kupita miaka makumi mbili na tano hachezi. Miye niko na makumi mbili na nane. Wenzangu walisoma wakati sisi tulikimbia vita ya Bihambwe; kosa langu iko wapi? Chuo kinanilaza na kunilisha sababu ya mupira. Nisipocheza, masomo imekwisha.

Kocha Faustin anasema nicheze na jina la Mbusa, mudogo wangu mwenye tulizika njiani, Shasha. Umri wake ungefaa, na yeye hana kazi nalo. Omba katekista karatasi yake ya ubatizo.

Mutoto wako,
Katembo Jacques

Walikale, 2 Machi 2025

Mutoto wangu Katembo,

Amani ya Bwana ikufikie. Kifua inasumbua kidogo tu. Jirani Mama Léontine anakusalimia.

Nilisoma barua yako, nikasali rozari, nikaisoma tena. Haikuwa muzuri zaidi.

Hiyo sheria ni upuuzi, nakubali. Wakubwa wenye walilala salama wanahesabu miaka yako ya vita kama vile ulikuwa unacheza. Na huyo Faustin, mwenye tumbo inatangulia kuingia uwanjani, njo anakufundisha ujana?

Lakini Mbusa nilimubeba mugongoni toka asubuhi bila kujua kama ameshakufa. Leo unaniambia hana kazi na jina lake.

Na akili yako iko wapi? Sisi Wanande tunapewa jina kwa kufuatana na kuzaliwa. Mbusa anamufuata Katembo. Munande yeyote atakuuliza: Katembo wako iko wapi? Golikipa mwenye haone mupira ule unakuja, anadaka nini?

Kwa katekista siende.

Mama yako,
Mama Katembo

Walikale, 11 Mei 2025

Kwa Mbusa, muchezaji,

Sikuulizi afya. Wafu hawaugue.

Kumbe Faustin alikutafutia karatasi ingine. Grégoire alifika kwangu na kofia mukononi. Anasema muzee mumoja Munande, mwenye kusimamia mashindano, alikuuliza, "Mbusa, Katembo wako iko wapi?" Ukajibu, "Amekufa, Papa." Hakukuuliza lini. Akaambia wafanyabiashara wetu wa Kisangani, nao wakanitumia pole: muchele, mishumaa, gunia ya maharagi.

Hata sijafungua kinywa, uwanja wa nyumba ulijaa watu. Mama Léontine, mwenye alikufundisha kutega panya wa pori, alilia mpaka sauti ikakatika. Nikawaambia, "Hajakufa, anacheza mupira." Wakaangaliana. Padri akanishika mikono: "Lia tu, mama, usiogope."

Basi nikakaa chini na wao. Nimekupikia maharagi ya matanga yako. Chumvi ilipunguka, utanisamehe.

Natumaini unadaka vizuri.

Mama ya marehemu Katembo

Kisangani, 1 Juni 2025

Mama,

Sijui nikusalimie namna gani. Niko muzima.

Nilienda kwa ule muzee, nikamwambia, "Papa, Katembo njo miye."

Akaniangalia. "Na Mbusa?"

"Amelala Shasha. Alikuwa mutoto wa mugongoni."

Akavua kofia. Kisha akatufukuza katika mashindano, miye na Faustin. Kitanda yangu ya chuo wamepatia mwingine. Nalala chini kwa rafiki yangu Prince, nabeba mizigo sokoni, nijaribu kumaliza mwaka. Faustin anasema miye ni mujinga.

Unisamehe, Mama.

Mutoto wako,
Katembo

Walikale, 20 Juni 2025

Katembo wangu,

Bwana asifiwe, kifua imetulia.

Faustin kukuita mujinga, njo mara ya kwanza anasema kweli. Ulitaka kudanganya Wanande juu ya Mbusa na Katembo. Hata kuku zangu zingekukamata.

Nilisomea watu barua yako. Mama Léontine anakataa. Anasema kwao wafu wanajua kutuma habari, na wewe ulikuwa na mwandiko mubaya toka zamani, mutu yeyote anaweza kuuiga. Wanataka kukuona kwa macho.

Masomo ikifungwa, kuja. Utapita nyumba kwa nyumba, ushike mikono ya wote wenye walikulilia, bila kucheka. Vita ikiachia njia ya Shasha, tutaenda wawili, urudishe jina kwa mwenyewe.

Maharagi ya matanga ilibaki nusu ya gunia. Sijagawia mutu. Utaikula weye.

Mama yako,
Mama Katembo