Mahubiri ya Maziko ya Yona

Dada Eliza, shikamoo.

Jana hapa Kisarawe tulimzika Yona, mtoto pekee wa shangazi, manyunyu yakitulowesha. Mchungaji, kijana aliyerudi juzijuzi kutoka masomoni ng'ambo, alihubiri kwamba ufufuo ni lugha ya picha tu, marehemu huishi katika kumbukumbu zetu.

Shangazi akamuuliza taratibu, "Mwanangu, mimi nimeanza kusahau hata majina ya majirani. Nikimsahau na Yona, atakuwa wapi?"

Mchungaji aliinamisha kichwa. Nikamkumbatia shangazi, nikamwambia, "Mungu hamsahau."

Leo asubuhi, tukinywa chai kwa mihogo, shangazi ameniuliza mbona Yona hajaamka.

Utuombee, dada. Mungu akutunze.

Mdogo wako,
Tabitha